SOMO LA VIJANA: TIMU NYINGI, SHIRIKA MOJA



Katika toleo hili tunapenda tujifunze pamoja jambo ambalo viongozi wa vijana hutuuliza mara nyingi: Je, timu mbalimbali ndani ya shirika moja la vijana zifanyeje kazi ili zisigongane wala zisiachane? Maana vikundi vingi huanza vizuri. Huwa na jina zuri, mhuri, na hata fulana. Baada ya mwaka mmoja unakuta waliobaki ni mwenyekiti na katibu tu. Ukiuliza sababu, utaambiwa hakuna pesa. Lakini ukichunguza kwa makini, mara nyingi pesa haikuwa tatizo la kwanza. Tatizo lilikuwa kwamba timu ya michezo haikujua timu ya elimu inafanya nini, na wote hawakujua stoo ina nini.

Kwanza tukumbushane maana. Shirika lisilo la faida si shirika lisilo na pesa. Ni shirika ambalo kinachobaki baada ya matumizi hakigawanywi kwa wanachama, bali hurudi kwenye kazi. Kwa hiyo anayejitolea humo hangojei gawio mwisho wa mwaka. Anachongoja ni kuona kazi inakwenda, na kuona kwamba jasho lake halikupotea bure. Ndiyo maana mpangilio mbaya wa timu huumiza zaidi katika shirika la vijana kuliko katika duka. Mfanyakazi wa duka akichoka hubaki kwa sababu ya mshahara, bali kijana wa kujitolea akichoka huondoka kimya kimya.

1. TIMU IWE NDOGO, NA KILA MTU AONEKANE

Tumezoea kusema umoja ni nguvu, na ni kweli. Lakini umoja usiopangwa hupunguza nguvu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya kilimo, aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri watu walivyoongezeka kwenye kamba, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo. Walipokuwa wanane, nguvu ya kila mmoja ilishuka hadi karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo akivuta peke yake. Sababu zinazotajwa ni mbili. Watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja, na tena mtu akiwa katikati ya wengi hudhani wenzake wanatosha.

Hili tunalijua sote. Mwambie umati wa vijana 60 wafagie uwanja, utaona kumi wanafagia na hamsini wanapiga soga. Wagawe katika vikundi vya watu sita sita, kila kikundi na kona yake, uwanja utakwisha kabla jua halijawa kali.

Skauti waliligundua hilo mapema. Mwaka 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Hakuwaweka katika kundi moja. Aliwagawa katika vikundi vinne, kila kikundi na kiongozi wake aliye kijana mwenzao. Mpango huo wa vikundi vidogo ndio umebaki kuwa msingi wa Skauti hadi leo.

Kwa hiyo, shirika lenu likiwa na wanachama 40, msiwe na timu moja ya watu 40. Muwe na timu tano au sita. Kila timu iwe na kiongozi mmoja na msaidizi mmoja, na kila mwanachama awe na kazi inayotajwa kwa jina lake.

2. KILA TIMU IJUE KAZI YAKE NA MPAKA WAKE

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Timu mbili zikidhani kazi ni yao, zitagombana. Timu mbili zikidhani kazi ni ya wenzao, kazi italala. Dawa ni kuandika. Kwa shirika la kawaida la vijana katika makazi, tunapendekeza mgawanyo kama huu:

- Timu ya Elimu: masomo ya jioni, kusoma na kuandika kwa watu wazima, kufuatilia watoto walioacha shule.
- Timu ya Michezo na Utamaduni: mpira, ngoma, maigizo.
- Timu ya Afya na Usafi: elimu ya magonjwa, usafi wa mabomba ya maji na vyoo vya umma, kuwatembelea wagonjwa.
- Timu ya Fedha na Stoo: kupokea, kutunza, kutoa na kuandika.
- Timu ya Habari: matangazo, barua, ripoti, na kuwasiliana na ofisi ya makazi na viongozi wa vijiji.

Msiishie hapo. Kwa kila timu andikeni pia jambo ambalo haina ruhusa ya kufanya peke yake. Kwa mfano, Timu ya Michezo isiahidi zawadi kwa washindi kabla ya kuiuliza Timu ya Fedha. Timu ya Afya isitangaze kampeni bila Timu ya Habari kujua. Mpaka ukiandikwa wakati wa amani, huzuia maneno wakati wa joto.

3. TIMU ZIUNGANISHWE NA KALENDA MOJA

Hapa ndipo mashirika mengi huanguka. Kila timu ina bidii, lakini kila moja ina siku zake. Tuchukue mfano mmoja. Tuseme shirika limepanga kusafisha mabomba ya maji siku ya Jumamosi. Kazi inaonekana ni ya Timu ya Afya na Usafi peke yake. Tuihesabu kwa kurudi nyuma:

- Jumamosi saa 1 asubuhi: kazi inaanza. Timu ya Michezo inaleta vijana wake wote.
- Ijumaa jioni: Timu ya Fedha na Stoo inatoa majembe 20 na ndoo 10, na anayepokea anatia sahihi.
- Jumatano: Timu ya Habari inapita vijijini kutangaza, ili akina mama wachote maji mapema.
- Jumatatu: Timu ya Habari inapeleka barua ofisi ya makazi kuomba kibali.
- Jumamosi iliyotangulia: viongozi wa timu wanakaa pamoja na kuthibitisha kwamba siku hiyo hakuna mgawo wa chakula wala mtihani shuleni.

Mnaona kwamba kazi ya siku moja imehitaji timu nne na siku saba. Barua ikichelewa hadi Ijumaa, majembe yatakuwepo na vijana watakuwepo, lakini kibali hakitakuwepo. Basi Timu ya Usafi italaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo kila mpango uwe na karatasi yenye safu nne: Kazi gani? Nani? Lini? Nani anamsubiri? Safu ya nne ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayounganisha timu. Mtu akijua kwamba mwenzake amekaa anamngoja, hakawii.

4. TUJIFUNZE KUTOKA MATHARE

Mwaka 1987 vijana wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walianza chama cha michezo kwa msaada wa raia wa Kanada, Bob Munro. Chama hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA, kilikuja kuwa na maelfu ya vijana. Tuangalie jinsi kilivyozifunga pamoja timu zake.

Kwanza, mpira na usafi havikutenganishwa. Mtaa ulikuwa umejaa takataka, na mitaro michafu ilileta magonjwa. Basi katika ligi yao, timu haikupata pointi kwa kushinda mechi tu. Ilipata pia pointi kwa kusafisha mtaa, na usafi uliokamilika ulikuwa na pointi nyingi kuliko ushindi mmoja uwanjani. Timu ya mpira ikawa ndiyo timu ya usafi. Hawakuhitaji kumbembeleza mtu.

Pili, viongozi walichaguliwa na vijana wenyewe, kuanzia maeneo madogo. Kulikuwa na baraza la michezo na baraza la huduma kwa jamii, na juu yake baraza kuu. Hivyo malalamiko ya uwanja mdogo yalikuwa na njia ya kufika juu, na uamuzi wa juu ulikuwa na njia ya kushuka.

Tatu, kujitolea kuliandikwa. Kijana aliyefundisha wadogo, aliyechezesha mechi au aliyefanya usafi alipata pointi. Waliokusanya pointi nyingi walisaidiwa ada, na ada hiyo ililipwa shuleni moja kwa moja. Hakuna aliyepewa fedha mkononi, na hakuna aliyeweza kusema kwamba fulani amependelewa, maana pointi zilihesabika.

Mwaka 1992 chama kilipewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huohuo wasichana wakaanza kuingizwa katika mpira. Mwaka 1999 mpango wa namna hiyo ulipelekwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni ya mjini tu.

5. FEDHA NA STOO: MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaandika kichwa hiki kwa sababu hakuna kitu kinachovunja timu upesi kama mashaka ya fedha. Na mara nyingi hakuna aliyeiba. Ni kwamba hakuna aliyeandika.

Kanuni ni moja: anayeomba, anayeidhinisha, na anayetoa fedha wawe watu watatu tofauti. Tuseme Timu ya Elimu inahitaji shilingi 300,000 za madaftari na chaki. Kiongozi wa timu anaandika ombi. Mwenyekiti anaidhinisha. Mweka hazina anatoa na kuandika. Watu wawili wanakwenda sokoni, si mmoja. Wakirudi na stakabadhi za shilingi 286,500, wanarudisha shilingi 13,500 siku hiyohiyo, na daftari linafungwa. Ikiwa muuzaji hana stakabadhi, wanaandika karatasi yenye tarehe, bidhaa, bei na sahihi za wote wawili.

Kila mwezi mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote, hata kama kiasi ni kidogo. Kusoma hesabu hadharani si kumshuku mweka hazina. Ni kumlinda. Siku maneno yatakapozuka, wanachama wenyewe ndio watakaomtetea.

6. MKUTANO MFUPI, UAMUZI ULIOANDIKWA

Viongozi wa timu wakutane mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi saa moja. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Tulifanya nini? Tutafanya nini? Tunahitaji nini kutoka timu nyingine? Swali la tatu ndilo sababu ya kukutana. Mambo ya ndani ya timu yamalizwe ndani ya timu.

Katibu aandike uamuzi, jina la mhusika na tarehe. Kabla ya kufunga, asome kwa sauti. Katika makazi yetu watu wametoka sehemu nyingi. Wapo wanaosema Kiswahili vizuri, na wapo ambao bado wanajifunza na wanaelewa zaidi Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe au Kifuliru. Mtu akinyamaza mkutanoni, msidhani amekubali. Huenda hakuelewa. Mwombeni mmoja atafsiri, na mpeni nafasi ya kuuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga.

Tuangalie pia saa. Mkutano wa saa 11 jioni huwaacha nje wasichana wengi, kwa sababu ni saa ya kuchota maji na kupika. Halafu tunasema wasichana hawapendi uongozi! Waulizeni ni saa gani wanaweza, kisha mkutano ufuate saa hiyo. Tena kazi ya kufagia na kupika chai isiwe ya wasichana, na ya kushika daftari isiwe ya wavulana. Zamu iwe zamu.

7. MANENO YAKIZUKA

Timu hai hugombana. Tatizo huja pale ugomvi unapotoka mkutanoni na kwenda kisimani na dukani. Ukifika huko haubaki tena kuwa ugomvi wa mpira au wa jembe. Unageuka kuwa ugomvi wa kabila na wa kule tulikotoka, na sisi tunajua vizuri mwisho wake. Tusiuchezee moto huo.

Tunashauri ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, nenda kwa mhusika mwenyewe, ninyi wawili, na useme jambo lililotokea bila kutaja tabia yake wala ukoo wake. Sema, "Jembe tatu hazijarudi," usiseme, "Ninyi ni wezi." Ngazi ya pili, viongozi wa timu hizo mbili wakae na wahusika. Ngazi ya tatu, kamati nzima pamoja na mzee mmoja au mama mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Na jambo likishaamuliwa lisirudiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa uliokwisha kuzibwa usiuchokoe.

Tutoe angalizo hapa. Jambo la kudhulumu mtoto au kumtendea msichana kwa nguvu si ugomvi wa timu, wala halina ngazi tatu. Hilo lipelekwe mara moja kwa wahusika wa ulinzi na kwa polisi, na anayelalamika alindwe.

8. KILA KAZI IJULIKANE NA WATU WAWILI

Hili ni letu hasa sisi tunaoishi ugenini. Katika mji wa kawaida katibu anaweza kukaa miaka kumi. Kwetu, jina linatoka kwenye ubao, na baada ya wiki chache mtu amepanda gari kwenda nchi ya tatu. Mwingine anarejea nyumbani. Mwingine anahamishiwa makazi mengine. Tunafurahi pamoja nao na kuwasindikiza. Lakini mara nyingi mtu huyo anaondoka na ufunguo wa stoo, au na orodha ya watoto yatima aliyoijua kichwani tu. Watoto wale ndio hubaki wakipata hasara.

Kwa hiyo tufanye mambo manne. Kila mwenye kazi awe na msaidizi anayeweza kuifanya peke yake. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili. Madaftari yakae mahali pa shirika, wala si nyumbani kwa mtu. Na kila baada ya miezi mitatu msaidizi aongoze kwa wiki moja, mkuu wake akiwepo anamtazama. Mtu akiitwa ghafla, kazi haitayumba.

Vijana wa Kyangwali, magharibi mwa Uganda, ni ushahidi kwamba inawezekana. Mwaka 2005 wakimbizi vijana katika makazi hayo waliunda shirika lao, COBURWAS, jina linalounganisha Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudani. Tazameni: nchi ambazo watu wake walikuwa wamekimbiana, zimekaa katika neno moja. Wakajiwekea elimu kuwa kazi ya kwanza, wakaanzisha na shule ya msingi. Baadhi ya waanzilishi walikwenda kusoma mbali, hata ng'ambo, na shirika halikufa kwa sababu ya kuondoka kwao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Shirika letu lina timu ngapi? Je, kila mwanachama anaweza kutaja kazi yake kwa sentensi moja?
2. Ni kazi gani mwezi uliopita ilichelewa kwa sababu timu moja ilikuwa inaisubiri nyingine? Nani alikuwa anamsubiri nani?
3. Mweka hazina wetu akiondoka kesho, nani atajua kilichomo katika stoo?
4. Mikutano yetu huwa saa ngapi, na saa hiyo inawaacha akina nani nje?
5. Je, kuna ufa kati ya timu zetu ambao tumeuacha bila kuziba? Tuanze na ngazi gani?

Tunawashauri msijaribu kufanya yote kwa wiki moja. Chagueni jambo moja. Kwa maoni yetu, anzeni na karatasi ya safu nne, kwa sababu haigharimu kitu isipokuwa kalamu. Mkishaizoea, ongezeni daftari la stoo, kisha msaidizi kwa kila kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika toleo lijalo tutaendelea na somo la namna ya kuandika ripoti ambayo hata asiyekuwepo ataielewa.